Ujumbe Uliomkuta Mtu Yu Macho

Kibaoni, Ifakara
12 Machi 1999

Mwanangu Tekla,

Marahaba. Najua shikamoo yako imo njiani, basi naijibu mapema. Sisi wazima, mama yako mzima isipokuwa goti, na goti lenyewe ni la mvua tu, jua likiwaka analisahau.

Habari kubwa ya huku ni wewe. Barua yako ya Januari niliisoma mara ya kwanza dukani kwa Nickolaus, nimesimama. Mara ya pili niliisoma nyumbani. Mara ya tatu kwenye jumuiya, baada ya sala, kwa sauti. Mwenyekiti alitaka kufunga, nikamwambia ngoja kwanza, Mungu mwenyewe angependa kusikia hili. Nimewaambia wote: binti wa Apolinari, aliyekuwa fundi wa boila kiwanda cha sukari, amechukuliwa na Wazungu wa Uswisi jumla, kazi ya kudumu, anawatengenezea kompyuta. Masalu, yule Msukuma jirani yetu wa shambani, aliuliza kama wewe ndiye unayezipaka rangi. Nimemsamehe kwa kuwa siku hiyo alikuja na maziwa.

Tatizo ni Nickolaus. Wengine nikiwaambia Tekla anafanya mambo makubwa, wanatikisa kichwa wanaridhika. Yeye anataka maelezo. Unajua alifika kidato cha nne na hajaacha kutukumbusha. Niandikie basi unafanya nini hasa, kwa lugha ya mtu wa boila, nikamzibe mdomo.

Mavuno ya mwaka huu, Mungu akijalia, nitatoa misa ya shukrani kwa ajili yako, Jumapili ya mwisho ya Julai. Nimeshatangaza. Mbuzi nimeshamwona.

Barua endelea kuzipitisha kwenye sanduku la posta la Nickolaus. Utaratibu wetu ni uleule. Nikiwa mjini napita dukani kila siku nachungulia mwenyewe kwenye lile kopo la biskuti anamoweka barua za watu, yeye hana haja ya kunitafuta. Nikihamia shamba ng'ambo ya mto kuamia ndege wasile mpunga, namwambia, na tangu hapo barua ikija anampa Masalu ailete na mkokoteni wake. Yeye hajawahi kukosea, na mimi, kama unavyonijua, sikosei.

Baba yako,
Apolinari


Basel
28 Machi 1999

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mwambie mama apake goti mafuta ya nyonyo, asisubiri jua.

Umeniuliza kazi yangu. Nilikuwa naogopa swali hilo maana hata hapa wengi hawalielewi, lakini ulipotaja boila nikapata njia. Kompyuta yetu ni moja, kubwa. Sisi tumeandika programu tunayoiita msimamizi, na msimamizi huyo anaigawa ionekane kama kompyuta ishirini. Kila moja inajiona iko peke yake duniani, ina prosesa yake, yaani ule ubongo unaofanya kazi. Kumbe prosesa hizo ni za kufikirika tu. Za kweli ni nne, na zinagombewa na wote, kama mashine za kiwandani zilivyokuwa zikigombea mvuke wako.

Sasa kompyuta ya kufikirika isiyo na kazi hailali, baba. Inazunguka palepale ikiuliza, kuna kazi? kuna kazi? Na kila ikiuliza inakula nguvu ya wenzake. Kwako ingekuwa kinu kisicho na muwa ndani kinachoendelea kunywa mvuke, na wewe jasho linakutoka. Ungefanya nini? Ungefunga koki. Basi mimi ndiye niliyeiweka hiyo koki. Niliandika kipande cha msimamizi kinachomwona asiye na kazi, kinamlaza, zamu yake kinampa mwingine. Halafu ikitokea sababu, mtu amebonyeza kitufe au ujumbe umeingia kwa waya, unapigwa mwito, na kipande changu kinamwamsha aliyelala. Kulaza na kuamsha, hiyo ndiyo kazi yangu. Tangu tukiweke, mashine ileile inabeba karibu mara mbili ya kazi iliyokuwa inabeba.

Nitajisifu kidogo, umenirithisha mwenyewe. Chumba chetu kina watu wanane. Mwanamke ni mimi peke yangu, na aliyetoka mbali kuliko wote ni mimi. Kipande hicho ni changu mstari kwa mstari. Jumatano baada ya Pasaka wanakuja wageni wakubwa kukitazama, na mkuu wetu amesema mimi ndiye nitakayesimama mbele.

Kuhusu hilo neno "ya kudumu", baba, mkataba wangu bado ni wa majaribio. Tutaliongea. Mbuzi asichinjwe haraka.

Mwanao,
Tekla


Basel
9 Aprili 1999

Baba,

Shikamoo. Barua hii usiisome kwenye jumuiya.

Wageni walikuja juzi. Nilizilaza kompyuta zisizo na kazi mbele yao, nikaziamsha, nikazilaza tena, wakawa wanaandika kwenye vitabu vyao huku wanatabasamu. Kisha mmoja akaomba ajaribu mwenyewe. Akaketi, akatuma ujumbe kwa ile ya saba. Kimya. Tukasubiri. Nilifungua upande wa msimamizi nikauona ujumbe wake umefika salama, umewekwa mahali pake, na kompyuta ya saba imelala fofofo ujumbe ukiwa ubavuni mwake. Hakuna aliyeiamsha. Watu wote chumbani walikuwa wananitazama mimi, baba. Mkuu wetu alikuja akaizima akaiwasha upya, wageni wakaenda kunywa kahawa, na baada ya kahawa hawakurudi.

Tangu siku hiyo nimejaribu kulirudisha kosa lile nilione kwa macho. Nimetuma ujumbe maelfu kwa maelfu. Kila mara anayelala anaamka. Kosa linalokataa kuonekana haliwezi kurekebishwa. Mkuu amenipa mpaka mwisho wa Juni. Nisipolipata, kipande changu kinatolewa, wanarudia mtindo wa zamani, na mkataba wangu unaishia hapohapo.

Kuna jambo la pili. Masista wa shule moja ya huko nyumbani wananitaka nifundishe hesabu kuanzia Julai. Wanataka jibu mwanzoni mwa Juni. Nikikubali sasa naondoka mwenyewe kwa heshima yangu. Nikibaki nikashindwa, nitarudi nimefukuzwa.

Nakuuliza wewe: nibaki nipambane au nirudi? Umewaambia watu mengi juu yangu na sitaki kukuaibisha. Neno lako ndilo nitakalolifuata. Nijibu mara tu uipatapo hii.

Mwanao,
Tekla


Kibaoni, Ifakara
25 Aprili 1999

Mwanangu Tekla,

Marahaba! Barua yako ya koki na mvuke imefika wiki iliyopita, na nakwambia, Nickolaus amekaa kimya kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nilimsomea pale dukani mbele ya wateja. Alijaribu kuuliza, "Sasa aliyelala anajuaje kuwa anaitwa?" Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya binti yangu, wewe pima sukari.

Nimeelewa kila neno. Nimewaeleza watu wa jumuiya, nimemweleza fundi baiskeli, nimepanda baiskeli mpaka Mkula nikamweleza mjomba wako Zakayo. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mimi niligawa mvuke kiwanda kizima na hakuna kinu kilicholalamika, wewe unagawa akili za kompyuta. Hao wageni wakubwa watakuwa wameshakuja wameondoka, na wamestaajabu. Hilo sihitaji kuandikiwa.

Kuhusu majaribio usinitanie. Mtoto wangu hajaribiwi. Hayo ni maneno ya makaratasi ya Wazungu, nami nimeshawaambia watu ni ya kudumu, na itakuwa hivyo.

Kesho tunahamia shamba, mpunga umeanza kubeba na ndege wamejua kabla yetu. Asubuhi nitapita dukani kuposti hii na kuchungulia kopo.

Baba yako mwenye furaha,
Apolinari


Basel
17 Mei 1999

Baba,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe 25 Aprili nimeipata. Nimeisoma nikitafuta jibu la nililokuuliza na sikuliona. Nimeona mvuke, nimeona Nickolaus, nimeona kwamba wageni walistaajabu na mtoto wako hajaribiwi.

Nimeelewa. Yangu ilikuwa imeshakufika, ukaamua kuandika kana kwamba haikuandikwa. Nilikuuliza nikiwa nimeanguka, na wewe umemjibu yule Tekla unayemtangaza. Sitakuuliza tena. Kosa bado sijalipata.

Nawe mama, nakukumbuka sana.

Tekla


SIMU YA MAANDISHI
Kutoka Ifakara, 4 Juni 1999

TEKLA. USIRUDI USIBAKI SUBIRI BARUA. SIJAKASIRIKA. BABA


Kibaoni, Ifakara
4 Juni 1999

Tekla mwanangu,

Simu nimeipeleka leo, na hii naiandikia hapahapa kwenye benchi la duka, hasira bado ninayo, si juu yako.

Barua yako ya Mei aliniletea Masalu juzi nikiwa juu ya dungu na kombeo mkononi. Nikaisoma, sikuelewa kitu. Nililokuuliza, nililokuuliza! Umeniuliza nini? Nilidhani baridi ya huko imekuingia kichwani, Mungu anisamehe. Mama yako ndiye aliyesema, "Huyu mtoto alileta neno na halikutufika. Nenda mjini." Nikawaachia yeye na Minza, mke wa Masalu, ndege wote wa bonde, nikavuka mto.

Nafika dukani, Nickolaus ananiambia kwa sauti ya upole, "Mzee, ile barua yako ya Aprili mbona uliiacha?" Imo ndani ya kopo! Tangu Jumatatu ileile tuliyohama!

Tumegombana, Tekla, mpaka watu wakatoka majumbani. Nataka uamue wewe uliyesoma. Sikiliza. Asubuhi ya Jumatatu nilipita nikachungulia kopo, halina kitu. Nikarudi nyumbani kupakia mizigo kwenye trela la kutuhamisha. Nilipokuwa napakia, Nickolaus akaenda posta akarudi na barua yako. Akajiambia, Apolinari hajahama, ni mtu wa mjini, atakuja kuchungulia mwenyewe kama kawaida yake. Akaiweka kwenye kopo. Hapo alikosea? Anasema hakukosea, na kwa utaratibu wetu kweli hakukosea. Baadaye kidogo trela likapita mbele ya duka, nikampigia kelele kutoka juu, "Bwana Nickolaus, tumehama!" Akanipungia mkono. Tangu dakika ile barua yoyote itakayokuja ataipeleka shamba. Lakini yako ilikwisha kuja! Ilikuja nikiwa bado mtu wa mjini. Yeye anaamini nimechungulia, mimi naamini kopo ni tupu. Kila mtu amefanya lake sawasawa, na barua ya mwanangu imelala wiki kwa wiki.

Mimi nasema kosa ni lake. Yeye anasema ni langu. Fundi baiskeli anasema ni la trela.

Sasa nikujibu. Nimeisoma barua yako mara moja tu, na kwa mara moja imenitosha. Siwezi kukuambia ubaki, siwezi kukuambia urudi, maana kazi unaiona wewe. Nitakwambia ninachokijua. Boila ikivuja, sikuwahi kuondoka kabla sijajua inavujia wapi, hata kama ningefukuzwa kesho yake. Ningetaka kujua tu. Kama nawe una hamu hiyo, baki. Kama hamu imekwisha, rudi, chumba chako hatukukipangisha. Na ukirudi hakuna mtu Kibaoni hii atakayekucheka. Hilo niachie mimi.

Baba yako,
Apolinari


Basel
22 Juni 1999

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu umpelekee Nickolaus.

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama, chai inachemka. Nilicheka ugomvi wenu mpaka nilipofika pale uliposema kila mtu amefanya lake sawasawa. Nikairudia sehemu hiyo. Nikaizima chai. Nikatoka na koti nimelivaa nje ndani, nikakimbia kazini.

Baba, kosa langu ndilo lilelile lililotokea Kibaoni Jumatatu ile. Msimamizi wangu alikuwa anafanya hivi: kwanza anachungulia kama yule asiye na kazi ameletewa ujumbe. Haupo. Kisha anatangaza, "Huyu amelala." Kisha anamlaza. Na aletaye ujumbe alikuwa anafanya hivi: anauweka mahali pake, anatazama kama mwenyewe amelala. Amelala? Anapiga mwito. Yu macho? Hapigi, kwa sababu aliye macho atachungulia mwenyewe. Wote wawili wana haki. Lakini baada ya kuchungulia na kabla ya kutangaza kuna upenyo mdogo. Ujumbe ukiingia hapo unamkuta mtu bado yu macho, mwito haupigwi, na mtu anajilaza akiamini hakuna aliyemtafuta.

Na nimejua kwa nini kosa lilinikimbia. Mimi nilikuwa natuma ujumbe mfululizo. Wa kwanza ukipotea kwenye upenyo, wa pili unamkuta amelala kweli, unapiga mwito, anaamka, anazikuta zote mbili. Naona ameamka, nasema mzima. Kama barua yangu ya Mei ilivyokutoa shambani ukaikuta ya Aprili. Yule mgeni alituma mmoja tu, akangoja kiungwana.

Nililiweka jambo kwenye mtihani. Niliongeza kituo cha makusudi pale kwenye upenyo, msimamizi akawie kidogo kabla ya kutangaza, kama wewe ulivyokawia kupakia trela. Nikatuma ujumbe mmoja. Kompyuta ikalala nao. Nikatuma kwa nyingine, ikalala nao. Kosa lililonikimbia tangu Pasaka likawa linakuja kila nikiliita. Nilipiga kelele peke yangu mle chumbani.

Dawa yake ni kugeuza mpangilio tu. Tangaza kwanza kwamba unalala, halafu chungulia kwa mara ya mwisho. Ukikuta kitu, futa tangazo uendelee na kazi. Ukikuta hakuna, lala kwa amani, maana atakayekuja sasa anajua umelala na atakuita. Kwa hiyo uamuzi wangu, baba, ni huu: kosa si lako wala la Nickolaus, ni la utaratibu mlioupanga pamoja. Mgawane aibu.

Mkuu wetu alitaka nieleze mbele ya wote. Nilichora ubaoni duka, kopo, trela na mto. Aliuliza huyo Nickolaus ni mhandisi wa wapi. Tumeiacha mashine ikifanya kazi usiku na mchana tangu wiki iliyopita, ujumbe mmoja mmoja, na hakuna aliyelala na barua ubavuni. Jana aliniita ofisini. Kuanzia Julai mkataba wangu ni wa kudumu. Neno lile lile ulilolitangaza, baba, sasa ni kweli. Na juu ya kipande kile wameandika jina la aliyekitunga, Tekla Apolinari. Kila atakayekifungua atakutana na jina lako.

Masista nimewaandikia nikawaomba radhi. Ile barua yangu ya Mei nisamehe, nilikudhania vibaya na iliniuma kukudhania.

Mwanao,
Tekla


Kibaoni, Ifakara
9 Julai 1999

Mwanangu Tekla,

Marahaba zote tatu. Ya Nickolaus nimempa, kwa shingo upande.

Nimeisoma barua yako, nimeirudia, na nina malalamiko. Umemchora Nickolaus ubaoni mbele ya Wazungu pamoja na duka lake na kopo lake. Mimi umenichora wapi? Juu ya trela, naona, nikipiga kelele. Natumaini ulinichora na kofia. Nickolaus sasa anatembea kama mtu aliyekwenda Ulaya akarudi.

Tumevuna vizuri. Misa ya mwisho wa Julai ipo, lakini nimemwambia padre iwe ya mavuno tu. Habari ya kazi yako sitaitangaza. Watu watasikia wenyewe, au wasisikie. Usidhani sina furaha, Tekla. Ninayo. Nimechoka kutangaza tu, umri nao unaenda.

Baba yako,
Apolinari


Kibaoni, Ifakara
27 Julai 1999

Tekla mwanangu,

Mkono huu ni wa Dativa, binti wa jirani, maneno ni yangu. Nimemwapisha asiongeze wala asipunguze.

Baba yako amekuandikia hatatangaza, nami najua umejiuliza amepatwa na nini, maana hata akinunua jembe mtaa mzima hujua. Yeye hatakwambia. Nakwambia mimi.

Siku ile aliyoisoma barua yako dukani hakurudi shambani. Siku iliyofuata pia hakurudi. Nikadhani ugomvi na Nickolaus bado unaendelea, nikavuka kwenda kumchukua. Nyumba nikaikuta imefungwa. Nikauliza, mke wa mwenyekiti wa jumuiya akaniambia, "Mama Tekla, mzee amepita hapa jana." Fundi baiskeli akasema amepita. Kila nilipouliza, alikwisha pita.

Alikuwa anakwenda nyumba kwa nyumba, mwanangu. Kila aliyemwambia habari zako alimfuata kwake. Akifika anavua kofia, anasema, "Niliwaambia Tekla amepewa kazi ya kudumu. Sikusema kweli, yeye mwenyewe aliniambia ni majaribio na mimi nikapuuza. Sasa majaribio yanamwendea vibaya. Akirudi asiulizwe kitu. Atakayetaka kucheka anicheke mimi, tena anicheke sasa hivi, nipo." Akisha kusema anavaa kofia yake, anakwenda nyumba ya pili. Aliendesha baiskeli mpaka Mkula kwa kaka yangu Zakayo, na mpira wa baiskeli ukapasuka, akarudi anaikokota. Wa mwisho alikuwa Nickolaus, ambaye siku mbili tu kabla walikuwa karibu kushikana mashati.

Wakati huo hatukujua kama utaliona kosa lako. Alifanya hivyo ili ukishuka kwenye gari usimkute mtu anayekusubiri kukutazama usoni.

Ndipo ikaja barua yako ya kheri. Nilimwambia, haya, simama sasa useme. Akakataa. Juzi kwenye misa Nickolaus ndiye aliyesimama, akaeleza yote, na kopo lake akalitaja, watu wakapiga makofi na vigelegele. Baba yako alikuwa anatazama viatu vyake. Tulipotoka nikamwuliza mbona hata kichwa hukuinua. Akanijibu, "Bernadetha, niliingia nyumba zao zote na hakuna hata mmoja aliyenicheka. Hao ndio nikawaringie tena?"

Mimi nimeolewa na mtu huyu nikiwa msichana, na majigambo yake nimeyavumilia kama nilivyovumilia moshi wa jikoni. Watu wakisema Apolinari anaringa, nilikuwa nainamisha kichwa. Lakini siku ile nilipomwona anatokea barabara ya Mkula kwa miguu, kofia mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi, nilisimama katikati ya njia kila mtu anione, nikampokea baiskeli, nikatembea naye Kibaoni nzima mpaka nyumbani. Siku ile, mwanangu, mimi ndiye niliyeringa.

Asijue kwamba nimekwambia.

Mama yako,
Bernadetha